MGENI ALIYEPANDA MIKOROSHO: MZEE ALIYEVUKA RUVUMA AKAZEEKEA NEWALA

Mwezi wa kumi ukifika Newala, kila mtu yuko chini ya mkorosho. Watoto wakitoka shule wanaokota, akina mama wanaokota, hata mwenye duka anafunga mapema aende akaokote. Na kwenye kijiji kimoja upande wa Makote kuna mzee wa miaka tisini na ushee, naye yuko chini ya mkorosho. Ana kigoda chake na ndoo iliyokatika mkono. Anaokota bibo, anainyonga korosho mpaka inaachia, korosho inaingia kwenye ndoo, bibo linatupwa pembeni kwa ajili ya watakaokuja kukamua uraka.

Wajukuu wanamwambia, "Babu, kapumzike kivulini."

Anawajibu, "Kwani hapa nilipo ni juani?"

Na kweli, kivuli anachokalia alikipanda mwenyewe, karibu miaka 70 iliyopita.

Jina lake halitatajwa hapa, wala la kijiji chake. Familia imeomba hivyo, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini. Tumwite Mzee tu, inatosha. Wazee wa aina yake wako wengi huku kusini, na huenda hata wewe unayesoma hapo ulipo ni mjukuu wa mmoja wao na hujawahi kumuuliza alikotoka.

ALITOKEA NG'AMBO

Ukifika Newala mjini watakupeleka Shimo la Mungu. Pale ardhi inakatika ghafla, mbele yako hakuna kitu, ni bonde tu mpaka macho yachoke. Huko chini ndiko unakopita mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Watu wanapiga picha, wanapost, wanaondoka.

Mzee hajakanyaga pale miaka mingi. Nyuma ya lile bonde kuna uwanda mwingine wa juu, uwanda wa Mueda, na huko ndiko alikozaliwa, miaka ya mwanzo ya 1930. Mwaka wenyewe haujui. Mama yake alimwambia alizaliwa kipindi nzige wamekula kila kitu shambani, basi, hiyo ndiyo tarehe yake.

Wakati huo Mueda iko chini ya Mreno. Mwanaume lazima alipe kodi, na asiye na hela anakamatwa anapelekwa shibalo, yaani kazi ya lazima, anaweza akaenda miezi na miezi. Halafu miaka ya mwisho ya 1930 ikaingia pamba. Sio pamba ya kupenda. Unapangiwa shamba, unalima, na unauza kwa bei wanayoitaka wao. Shamba lako likikutwa na majani unaitwa, unanyoosha mikono, unapigwa viganjani na kibao chenye matundu. Mzee anakumbuka siku baba yake aliporudi nyumbani viganja vimevimba, hawezi hata kumega tonge. Mama akamlisha kama mtoto mdogo.

"Siku ile ndiyo niliondoka," huwa anasema. "Miguu ilibaki miaka mingine kama mitatu, ila mimi nilishaondoka."

Miguu yenyewe iliondoka akiwa na miaka kama 16, usiku, wakati wa kiangazi, yeye na mjomba wake. Kiangazi Ruvuma inapungua, mchanga unatokeza, sehemu nyingine unavuka kwa miguu maji yakiwa kifuani. Shida ni mamba. Mjomba alimwambia asiongee mpaka wakanyage mchanga wa upande wa pili. Walikuwa na kisu, kibuyu cha maji na ugali wa muhogo uliokauka. Ndiyo mali yote waliyoingia nayo Tanganyika.

Hawakuwa peke yao. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya Wamakonde wa ng'ambo walikuwa wakivuka kukimbia kodi na shibalo. Wengi waliishia kwenye mashamba ya mkonge, Lindi, Mikindani, Tanga, na wengine walisogea mpaka pwani ya Kenya. Huku waliitwa Wamaviha, na jina hilo halikuwa la kusifiwa. Nyuso zao zilikuwa na chale nzito, meno yamechongwa, na watu walikuwa wakiwatishia nao watoto. Mjomba alichagua Tanga. Waliagana Lindi na hawakuonana tena mpaka leo.

KARANGA ZA MWINGEREZA

Kijana alikata mkonge msimu mmoja tu, akasikia Nachingwea kuna kazi. Huu ulikuwa ule Mradi wa Karanga, ulioanza mwaka 1947. Mwingereza alikuwa na njaa ya mafuta baada ya vita, akaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Kwa ajili hiyo ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Pori likaangushwa kwa mitambo ambayo watu wa huku hawajawahi kuiona.

Mzee alikuwa kwenye kundi la kung'oa visiki. Anasema tingatinga likipita ardhi inalia kama mgonjwa. Walilipwa, walikula, ila kitu kimoja kilimshangaza: hakuna mzungu aliyekaa na wazee wa pale akawauliza mvua inanyesha lini na udongo ukikauka unakuwaje. Mwaka 1951 mradi ukafa. Serikali ya Uingereza ilipoteza karibu pauni milioni 36, na miaka ya mwanzo ya 60 hata reli ikang'olewa.

"Ardhi hailimwi kwa kelele," anasema Mzee. "Kwanza unaamkia wenyewe."

Kijana akafunga hela zake kwenye kitambaa, akatembea mpaka Masasi, akapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Mbona Newala? Sababu ni ile ile inayowapeleka watu Shimo la Mungu kupiga picha. Ukisimama pale unaona kwenu. Miaka yake ya mwanzo alikuwa akienda kila Jumapili, anakaa kwenye jiwe, anaangalia tu, kisha anarudi.

ALIAMBIWA ASIPANDE MTI

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana ndipo stori yote ilipo.

Newala ina udongo mzuri ila maji hakuna. Juu ya uwanda huoni mto wala chemchemi. Enzi hizo kabla ya mradi wa maji wa Makonde, akina mama walikuwa wanashuka ngema usiku wa manane kwenda chemchemi za chini, wanapanga foleni, wanapanda na mitungi kichwani jua likichomoza. Kijana wa ng'ambo hakuwa na ndugu wala shamba. Akaanza kubeba maji. Mwanaume kubeba maji! Walimcheka kijiji kizima. Yeye akabeba tu, na nyumba moja aliyokuwa anaipelekea maji ilikuwa na binti.

Walioana mwaka 1953 hivi. Kwa mila ya Wamakonde enzi hizo, mume ndiye anayehamia kwa mke, analima kwa wakwe, anapimwa. Na kingine: mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo watoto wa huyu kijana watakuwa wenyeji kamili, wana wa ardhi ile, hakuna wa kuwauliza kitu. Baba yao ndiye atabaki mgeni. Unazaa wenyeji nane, wewe mwenyewe ni mgeni kwenye nyumba yako. Si mchezo.

Shemeji yake, kaka wa mke, ndiye aliyemwonyesha sehemu ya kulima. Akamwambia: "Panda muhogo. Panda mbaazi, panda kunde, panda njugumawe. Ila usipande mti."

Kwa mtu wa mjini hii inaweza isieleweke. Muhogo unang'oa, mbaazi zinakatwa, mwakani shamba liko wazi kama halikuwahi kuwa na mtu. Mti hauondoki. Aliyepanda mti amesema anakaa, na kesho watoto wake watasema "huu ni wa baba." Ndiyo maana sehemu nyingi mgeni anaazimwa ardhi lakini hapewi ruhusa ya mti.

Ukisoma habari za wahamiaji wa Ulaya utaona tofauti. Mkulima wa Ukraine aliyehamia kwenye nyika za Kanada miaka ya 1890 alilipa ada ya dola 10, akapewa ekari 160 na karatasi, akaambiwa akae miaka mitatu na alime, ardhi itakuwa yake. Alipata tabu ya baridi na upweke, hilo halina ubishi. Lakini alijua kabisa siku gani ataacha kuwa mgeni. Kijana wa Mueda hakuwa na karatasi wala tarehe. Alikuwa na neno la shemeji, na neno lenyewe lilikuwa "usipande".

Alilima muhogo misimu miwili. Mtoto wa kwanza akazaliwa, wa kiume, analia kwa nguvu. Shemeji akaja kumuona mpwa wake, akakaa, akanywa maji. Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni akasema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, "Mvua zikianza, panda mkorosho."

Ilikuwa 1955. Mvua ya kwanza ilipoanguka mwezi wa kumi na mbili alichimba shimo, akaweka mbegu tatu, akazungushia miiba mbuzi wasile. Mbegu mbili zilishinda, akang'oa iliyo dhaifu. Ule uliobaki ndio anaokalia kivulini mpaka leo.

MITI INAYOHESABU MIAKA

Miaka hiyo korosho ilikuwa inaanza kuwa hela kusini. Wahindi walikuwa wananunua, zinapelekwa India kubanguliwa. Mzee akapanda kila msimu, hatua kumi na mbili kutoka mti hadi mti, na akajiwekea utaratibu: kila mtoto akizaliwa, mti wake unapandwa mvua zinazofuata. Ukimuuliza binti yake wa nne amezaliwa lini, hatakutajia mwaka. Atakwambia, "Mti wangu ni wa pili baada ya Uhuru."

Maana Uhuru nao una mti. Tarehe 9 Desemba 1961 watu wanacheza ngoma, yeye asubuhi alishachimba shimo lake.

Upo na mti mwingine ambao haupendi kuuongelea. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kwenye ofisi ya mkuu wa Kireno kudai mambo yao, wakapigwa risasi. Wengi walikufa. Kaka yake alikuwepo, na habari zake ziliishia hapo. Mvua zilipoanza akapanda mkorosho, hakumwambia mtu ni wa nini. Mke alijua, hakuuliza.

Septemba 1964 FRELIMO wakaanza vita na Mreno, na wakimbizi wakaanza kumiminika Ruvuma. Dada yake naye alivuka na watoto, wakapokelewa, wakalala jikoni, baadaye wakapelekwa makazi ya wakimbizi Rutamba, Lindi. Miaka ile mpakani hapakuwa pa kuchezea. Ndege, mabomu yaliyofukiwa ardhini, watu wanapoteza miguu wakienda shamba. Jioni ukisimama Shimo la Mungu unaona moshi ng'ambo. Hapo ndipo Mzee alipoacha kwenda.

Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru. Dada akarudi na watoto wake, akamwambia, "Twende nyumbani." Mzee alivuka kweli, akaenda kusalimia. Alikaa miezi miwili. Alimkuta mama yake bado hai, amepofuka, akamshika uso na kuzisoma zile chale kwa vidole mpaka akamtambua.

Alirudi Newala. Watu walimuuliza kwa nini hakubaki na sasa kwao pako huru. Akawaambia, "Godoro unabeba. Mbuzi unaswaga. Mkorosho unaubebaje?"

SIKU ALIPOKATAA SHOKA

Usifikiri baada ya hapo ilikuwa raha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, nchi inatajwa duniani. Ndani ya miaka hiyo hiyo ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakapangwa kwenye vijiji, na mikorosho mingi ikabaki mbali, ikaingiliwa na pori. Mzee alihamishwa kama wengine. Kila siku alfajiri alikuwa anatembea karibu saa mbili kwenda kupalilia, saa mbili kurudi.

Halafu ukaja ubwiriunga. Ni ugonjwa wa ukungu, maua yanapakwa kitu cheupe kama unga, yanakauka, hayashiki korosho. Na bei yenyewe ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kiasi kidogo kuzidi tani 16,000. Kutoka 145,000! Watu walikata mikorosho wakachoma mkaa. Jirani wakamwazima Mzee shoka.

Shoka lilikaa kwenye ukuta wa nyumba yake wiki mbili. Mke wake ndiye aliyelirudisha. Walikula ming'oko ya porini, waliuza mkaa wa miti mingine, watoto wawili waliacha shule. Hilo la shule mtoto wake wa tatu hajamsamehe mpaka leo, na anasema wazi: "Baba alipenda mikorosho kuliko daftari langu." Mzee akisikia hivyo hajitetei.

Baadaye wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wakaeneza dawa ya salfa. Mashine zikaanza kunguruma usiku mashambani, vumbi la njano, maua yakapona. Waliokata walianza upya na mbegu. Mzee alikuwa na miti ya miaka thelathini inamsubiri.

SANDUKU LA BATI

Zoezi la vitambulisho vya taifa lilipofika kijijini, watoto walimwandaa. Walimwambia, "Baba, wakikuuliza umezaliwa wapi, sema Newala. Hapa hapa. Nani atabisha?"

Alikaa mbele ya afisa. Shikamoo, marahaba. Umezaliwa wapi? "Mueda." Baba yako? "Mueda." Mama yako? "Mueda." Watoto nyuma wameshika vichwa.

Nyumbani walimkalisha. Alisikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Mama yangu alinitambua kwa vidole, kipofu. Leo nimkane kwa ajili ya kadi?"

Afisa hakumfukuza, tuwe wakweli. Alimwambia alete vielelezo. Mzee akaleta sanduku la bati. Mna risiti za kodi za enzi za Mwingereza, kadi ya TANU, kadi ya CCM ya 1977, na stakabadhi za korosho za chama cha ushirika, zimefungwa kwa kamba ya katani mwaka kwa mwaka. Ukiangalia hizo stakabadhi unaona maisha yote ya mtu kwa kilo. Karatasi zilinakiliwa, faili likafunguliwa, akaambiwa asubiri.

Kipindi hicho hicho mjukuu mmoja alimsomea kwenye simu habari za Wamakonde wa Kwale, Kenya. Hao ni watoto na wajukuu wa wale waliosogea mpaka kwenye mikonge ya kule. Walikaa miaka mingi hawana uraia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais, na mwishowe wakapewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Mzee alicheka. "Kwa hiyo hao walitembea tena?" Akanyamaza kidogo. "Labda mjomba ana wajukuu humo."

KOROSHO IKIPANDA BEI, UKOO UNAONGEZEKA

Msimu wa 2016/17 na uliofuata bei ikapaa. Kilo moja ilifika shilingi 4,000 mnadani. Watu waliezeka bati, walinunua pikipiki, na kila mtu aliyekuwa mjini ghafla akakumbuka ana shamba kijijini.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa yule shemeji. Mtu mzima tayari, maisha yake yote Dar. Baba yake alishafariki, na mke wa Mzee, ambaye ni shangazi yake, naye alishatangulia. Akashuka kwenye basi na maneno matatu. Kwamba shamba ni la baba yake. Kwamba Mzee aliazimwa tu. Na kwamba mtu mwenyewe si raia, hata kitambulisho hana, aulizwe.

Hilo la tatu ndilo lililouma. Watoto wa Mzee walitaka kumpiga. Mzee akasema waitwe wazee.

Kikao kikakaa chini ya mwembe. Wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kijiji, watu wa kushangaa. Jamaa wa Dar aliongea vizuri, kapangilia: ardhi hii alitoa baba yangu, mimi ni mtoto wake, narithi. Watu wengine wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Kulikuwa na bibi mmoja, mkubwa kuliko wote wa ukoo ule, mdomo wa juu bado una alama ya ndonya. Akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, mama yako katoka wapi?"

"Masasi."

"Basi ukoo wako uko Masasi. Kwa mila ya zamani mali ya mjomba inakwenda kwa wapwa. Wapwa wa baba yako ni kina nani? Si hawa watoto wa huyu unayemwita mgeni? Haya, labda hutaki mila, unataka mambo ya siku hizi, mtoto anarithi kwa baba. Sawa. Basi na hawa wanarithi kwa baba yao aliyepanda. Chagua njia moja, mwanangu, tukusindikize."

Kimya.

Jamaa akajaribu, "Lakini ardhi alipewa na baba yangu."

"Ardhi, ndiyo," bibi akasema. "Na mti alipewa na nani?"

Kikao kilikuwa kimeisha hapo. Watu wanaanza kusimama, watoto wa Mzee wanapeana mikono. Mzee akaomba kuongea. Akasema yule kijana apewe mikorosho kumi na miwili, ya upande wa barabarani, inayozaa vizuri.

Vurugu. Mtoto wake mkubwa akamuuliza mbele za watu, "Baba, tumeshinda, unampa ya nini?"

Mzee akajibu, "Baba yake alisimama mlangoni kwangu akaniambia panda. Angenyamaza siku ile, leo tungegombania muhogo?"

Yule mtoto mkubwa, mwenye ule mti wa 1955, alikaa miezi minne hasemi na baba yake. Na wapo kijijini mpaka leo wanaosema Mzee alikosea, kwamba aliyetukanwa hatakiwi kutoa zawadi. Wana hoja yao.

MWISHO WAKE UKAWAJE?

Msimu wa 2018 mambo yakageuka. Wanunuzi walitaka bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakaja kubeba korosho. Malipo yakachelewa, watu wakasubiri na kusubiri, wengine mpaka mwaka uliofuata. Wale wa pikipiki wakauza pikipiki.

Jamaa wa Dar hakuonekana tena. Mikorosho yake kumi na miwili ikaota majani mpaka kiunoni, nyoka wakahamia. Watoto wa Mzee wakawa wanaipita wanacheka: si aje apalilie, mwenyewe si ndiye mwenye ardhi?

Asubuhi moja wakamkuta Mzee huko, ana fyekeo, amefyeka chini ya miti miwili, anahema. Mjukuu akamnyang'anya fyekeo, akamwambia, "Babu, hii si yetu tena."

Mzee akakaa chini, akafuta jasho. "Mti haujui mwenyewe nani," akasema. "Unajua majani tu."

Mjukuu akafyeka iliyobaki kumi. Anaifyeka kila mwaka mpaka sasa, na korosho zake zinauzwa, hela inawekwa pembeni kwa jina la mtu ambaye hapigi hata simu.

Kitambulisho bado hakijatoka. Ndiyo maana jina la Mzee halimo humu, wanawe wanaogopa maneno yasije yakaharibu faili. Yeye mwenyewe hana presha. Mwezi wa kumi ukifika anabeba kigoda chake na ile ndoo, anaenda chini ya mti wa kwanza, anaanza kuokota.

Mwenye babu au bibi aliyevuka mto, ziwa au mpaka wowote, aandike hapo chini alipanda nini alipofika. Na swali la kubishania ni hili: ile mikorosho kumi na miwili, Mzee alifanya sawa au alikosea?